Likizo ya Dada Nipo

Asubuhi hiyo Nipo alikuwa anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia haukuwa wake tena. Ulikuwa umekaliwa na binti yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Meneja, kwa sababu tangu aletwe kutoka hospitali hakuna aliyelala, aliyekula wala aliyekwenda kuoga bila idhini yake.

"Kunywa polepole, mtoto hakimbii," mama mkwe alisema mlangoni, beseni la nepi kiunoni.

"Hakimbii, mama, lakini akiamka ndiyo basi. Uji wenyewe nitaumalizia jioni."

"Basi kunywa haraka."

Ndivyo alivyokuwa mama mkwe. Alikuwa amepika shule ya bweni maisha yake yote, na mtu aliyezoea kutuliza bwalo zima kwa mwiko mmoja hashindwi maneno. Ukienda kulia yuko kulia anakusubiri, ukienda kushoto ameshafika. Lakini tangu mjukuu azaliwe hajaruhusu hata nepi moja ilale na uchafu, na Nipo alimpenda kwa hilo, hata zile siku alizotamani kumfungia mlango.

Simu ikalia ting! juu ya meza. Nipo akarefusha shingo kama kuku aliyesikia punje. Kwenye kioo kulikuwa na maua matatu ya manjano, na chini yake maneno:

"Karibu tena kazini! Ofisi ilipwaya bila wewe. Likizo yako imefungwa."

Uji ukakwama kooni. Akakohoa, Meneja akafungua jicho moja, akalifunga. Nipo akasoma tena. Kilichomkaba zaidi ni kwamba maneno yale aliyajua. Aliyaandika yeye mwenyewe. Hata maua aliyachagua yeye, akabishana na watu wawili waliotaka picha ya kikombe cha chai.

Kampuni yao ilikuwa juu ya duka la vioo vya madirisha, na ilitengeneza kitu kimoja tu, lakini kilikuwa kimesambaa: mfumo wa kompyuta unaojua nani yuko kazini, nani yuko likizo na nani alipwe nini. Viwanda viliununua, hospitali, mashule. Wao wenyewe pia waliutumia, maana mpishi akikataa kula chakula chake nani atakula? Na ukurasa wa likizo, wote, mwanzo hadi mwisho, ulikuwa kazi ya mkono wa Nipo.

Jina la Nipo alilipata pale pale ofisini. Mtu akiandika kwenye grupu la kazi, "Kuna mtu?", yeye ndiye wa kwanza: "Nipo." Yuko sokoni anachagua vitunguu, nipo. Yuko kwenye harusi ya dada yake, kilemba kimeegemea upande, nipo. Mume wake alipenda kusimulia kwamba hata leba, uchungu ulipomwachia kidogo, mkono wa mke wake ulianza kupapasa kutafuta simu, na muuguzi akamwambia, "Mama, hapa upo na mimi tu."

Aliyekuwa anamwita mara nyingi kuliko wote ni mkuu wa kitengo chao. Yeye walimwita Dakika Mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukumbuka siku yako ya kuzaliwa na kusahau kwamba leo ni Jumapili. Kila alichotaka kilikuwa cha dakika mbili tu, na dakika zake zilikuwa ndefu kama foleni ya benki.

Basi jana yake, mchana, Dakika Mbili alikuwa ameandika: "Upo?"

Na Nipo, likizo ya uzazi, mtoto kifuani, nywele hazijaona kitana tangu juzi, akajibu alivyozoea.

Ripoti ya kiwanda cha sabuni ilikuwa inatoka nusu. Nipo alijua tatizo liko wapi, kama mtu anavyoijua swichi ya chumba chake gizani. Akavuta kompyuta kutoka chini ya kitanda kwa mguu, akaingia kwenye mfumo, akagusa mstari mmoja, akatoka. Meneja hata hakuacha kunyonya. Na tuseme ukweli, Nipo alijisikia vizuri sana. Tangu ajifungue alikuwa anafanya kazi zisizokwisha. Nepi inafuliwa, inachafuka. Mtoto anashiba, ana njaa. Ile ya jana ilikuwa kazi iliyokwisha, ikasema imekwisha. Alikaa na furaha yake ile mpaka jioni, kama mtu aliyeficha andazi.

Sasa andazi lilikuwa linamrudi.

Alikumbuka alivyoiweka ile kanuni. Zamani kidogo, kabla hajaolewa, watu walikuwa wanarudi kutoka likizo ya mwaka wanasahau kuifunga, mshahara unakuja na kelele. Nipo akasema, jambo dogo hili. Mtu yeyote aliye likizo akiingia kwenye mfumo kwa jina lake na neno lake la siri, maana yake karudi. Funga likizo yake, mkaribishe kwa maua. Watu wote mezani wakasema safi sana. Na mezani pale siku ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuzaa.

"Kuna nini? Umekuwa kama umemeza kijiko," mama mkwe akasema.

"Kompyuta imenirudisha kazini, mama."

"Kompyuta ya nani?"

"Yangu."

Mama mkwe akaweka beseni chini taratibu. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema. Kisha akamwangalia Meneja aliyelala. "Lakini na huyu kaingia kisima gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Meneja alikuwa hataki chupa. Walijaribu chupa ya shingo nyembamba na ya shingo nene, wakajaribu kikombe, wakajaribu kijiko. Kila mara aliwatazama kama mwanasheria anayesoma karatasi isiyo na sahihi, kisha akatema. Nipo hakuwa na wasiwasi. Likizo ilikuwa bado ndefu, mshahara kamili, mtoto angejifunza taratibu. Sasa likizo haipo. Kesho asubuhi mfumo utamtafuta mezani kwake, utamkosa, utamwandika mtoro, na mtoro mfumo unamsimamishia mshahara. Hilo nalo alikuwa ameliandika yeye, na aliliandika vizuri.

Akampigia simu afisa utumishi, ambaye ofisini walimwita Mama Utumishi.

"Hongera jamani!" Mama Utumishi akapokea kwa furaha. "Nimeona maua asubuhi. Nikasema, yule binti ana damu ya kazi. Mtoto hajui hata kukaa, mama karudi!"

"Sijarudi, mama. Nimekaa hapa nimejaa uji."

"Mfumo unasema umerudi."

"Mfumo unadanganya."

"Mwanangu, mfumo ulitengeneza wewe. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba haudanganyi. Ulituonyesha na picha ukutani."

Nipo akafumba macho. Alikuwa ameonyesha picha ukutani, ni kweli. "Haya. Basi nifungulie tena ile likizo."

Kule upande wa pili vidole vikasikika vikigonga. Kisha Mama Utumishi akashusha sauti, kama mtu anayeuliza jambo la aibu.

"Inaniuliza mtoto mwingine yuko wapi."

"Mtoto gani mwingine?"

"Inasema uzazi mmoja, likizo moja. Wa kwanza ameshatumia yake. Nikitaka kufungua nyingine niandike tarehe ya kuzaliwa mtoto mwingine." Akasita. "Huna mwingine, eh?"

"Mama! Huyu mmoja kanimaliza, mwingine nimtoe wapi leo?"

Mama mkwe, aliyekuwa anasikiliza bila hata kujificha, akasema kwa sauti, "Mwambie asubiri tuangalie chini ya kitanda!"

Wote watatu wakacheka, lakini cheko la Nipo lilikuwa fupi. Mama Utumishi akaendelea. Mtu wa kubadilisha kanuni ni yule mwenye ukurasa. Mwenye ukurasa ni nani? Jina la Nipo. Lakini Nipo akiingia kubadilisha, ameingia, na mfumo utasema ndiyo, si niliwaambia karudi? Na jioni ya leo hesabu za mishahara ya mwezi zinafungwa. Zikishafungwa, kilichoandikwa kimeandikwa.

"Si ungerudi tu?" Mama Utumishi akasema kwa upole, na kwa kweli alitaka kusaidia. "Tutakupa ile saa ya kwenda kunyonyesha. Mbona mwenzako, yule wa majaribio, alirudi mapema hivi hivi? Wala hakulalamika. Tukamsifu mpaka basi."

"Ngoja nifikiri, mama," Nipo akasema.

Kabla hajafikiri mume wake akapiga. Mume wake alikuwa fundi wa lifti, na simu zake zote zilisikika kama zinatoka ndani ya pipa. Nipo akamweleza haraka haraka.

"Niko katikati ya ghorofa ya nne na ya tano, mke wangu," akasema, "lakini nakuelewa kabisa. Mimi nimeshajifungia ndani ya lifti mara mbili, ufunguo nimeuacha nje."

"Ulitokaje?"

"Nilimwita mtu wa nje. Ukiwa ndani hata uwe fundi namna gani, utapiga kelele tu."

Nipo akakata simu. Kisha akampigia mtu wa nje.

Mtu wa nje alikuwa Kasoro. Huyu ndiye yule wa majaribio. Kazi yake ilikuwa kuchukua kila alichotengeneza Nipo na kukiharibu kabla wateja hawajakiharibu wao, na aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alikuwa mdogo kwa Nipo, mpole wa sauti, lakini akisema "Dada, nimekuta kasoro," ujue siku yako imekwisha.

"Mama Meneja!" Kasoro akapokea. "Mbona nasikia umerudi na kiti chako naona kitupu? Nimekiangalia mpaka chini."

"Acha tu, mdogo wangu. Nimejifungia nje ya nyumba yangu mwenyewe." Akamsimulia yote, kiwanda cha sabuni, maua, mtoto mwingine. Kasoro akacheka mpaka akaanza kukohoa.

"Kwa hiyo mtu akiwa likizo ya uzazi, akiingia tu, imekwisha?"

"Imekwisha."

"Hata kama hajafanya kazi?"

"Mfumo hauangalii amefanya nini. Unaangalia ameingia."

"Hata kama…" Kicheko chote kilikuwa kimeondoka kwenye sauti ya Kasoro. "Hata kama ameingia kumwandikisha mtoto wake bima?"

Nipo yeye, mtoto wake alikuwa ameandikishwa kwenye bima ya mume. Hakuwahi kupita njia hiyo. Lakini njia hiyo aliijua, ilikuwa kwenye mfumo huo huo, mlango huo huo.

"Mwanangu alikuwa na homa," Kasoro akasema polepole. "Hospitali wakasema jina lake halipo kwenye bima, nimwandikishe. Nikaingia kwa simu, pale pale kwenye benchi. Nikaandika jina lake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliandika, dada, lile jina. Usiku huo nikaona maua."

Nipo alikuwa anaikumbuka siku Kasoro aliporudi. Waliinuka wote wakampigia makofi. Nani alianza yale makofi? Yeye. Dakika Mbili akasema, "Mnaiona bidii hiyo?" Na baadaye Kasoro alitoka chooni blauzi imelowa kifuani, akasema bomba limemrukia maji, na wote wakaamini, kwa sababu hawakuwa na sababu ya kutoamini. Leo Nipo, na blauzi yake mwenyewe ikiwa imelowa pale pale, alijua yale hayakuwa maji ya bomba.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Nimuulize nani? Mtoto wa kwanza, kazi ya kwanza. Maua yenyewe yamenikaribisha kwa jina langu. Nikajua nyie mnaojua mmeamua hivyo. Nikaona nikiuliza nitaonekana mvivu." Akavuta pumzi. "Mimi, mtu wa kutafuta kasoro. Ilinikalia usoni, nikaiita desturi ya ofisi."

"Nisamehe, mdogo wangu. Niliandika mimi."

"Najua uliandika wewe. Nani mwingine anaweka maua?"

Ilikuwa karibu iwe mzaha, lakini haikufika. "Nitakupigia," Kasoro akasema, na simu ikakatika.

Saa zilizofuata zilikuwa nzito. Nipo alimbadilisha Meneja nepi iliyokuwa kavu. Mama mkwe akaleta kikombe, wakajaribu tena. Meneja akaonja, akafikiri, akatema yote kwenye mkono wa bibi yake.

"Huyu ana msimamo," mama mkwe akasema akijifuta. "Unajua mimi baba yake nilimzaa Ijumaa, Jumatatu niko jikoni, yeye yuko kwenye kapu la viazi? Hakukuwa na likizo. Kulikuwa na zamu."

Nipo akaisubiri ile sehemu inayofuata siku zote kwenye hadithi kama hizo, nyie wa siku hizi mnadekezwa. Haikuja.

"Nilikuwa nikisikia analia kwenye kapu, maziwa yanatoka yenyewe, yanadondokea kwenye unga," mama mkwe akasema. "Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Sasa wewe una mtu wa kumwambia. Kama huyo binti hakupigi, mpigie wewe."

Lakini Kasoro alipiga. Alipiga kwa video, na nyuma yake, wamebanana kama wanapiga picha ya cheti, walikuwa Mama Utumishi na Dakika Mbili mwenyewe.

"Dada, nimewaambia," Kasoro akasema. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo na kidevu kimeinuka. "Yote. Na blauzi nimewaambia."

Dakika Mbili alikuwa amevua miwani, anaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mimi ndiye niliyekuita jana," akasema. "Nikaona dakika mbili hazina neno. Na huyu naye nilimsifu mbele za watu." Akaivaa miwani, akaivua tena. "Tunaondoa hiyo kanuni leo. Nimemruhusu Kasoro auguse ukurasa wako. Tuelekeze."

"Kwanza kompyuta yako iko wapi?" Kasoro akauliza.

"Chini ya kitanda."

"Mama yupo? Mama, shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu!"

"Mama, nakuomba, huyu asiiguse. Namjua."

Mama mkwe akainama, akaitoa kompyuta, akaiweka kwenye kiti, akaweka mto juu yake, kisha akakalia mto. "Aje aichukue," akasema.

Basi ndivyo kazi ilivyofanyika. Nipo akakaa kitandani na Meneja begani, akafumba macho, akawa anatembea ndani ya ukurasa wake kwa kumbukumbu, kama unavyomwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa simu. Shuka chini, pita likizo ya mwaka, pita ya ugonjwa. Umeona pameandikwa "akiingia"? Hapo. Usikifute kipengele chote, wa likizo ya mwaka wanakihitaji. Watoe wazazi. Wote, na baba nao, maana baba naye ana zile siku zake chache. Katikati Meneja akacheua, ikabidi wangoje. Dakika Mbili akaangalia saa ya ukutani, akaona wenzake wamemwona, akaitazama dari.

"Sasa tujaribu," Kasoro akasema, na hapo sauti yake ya kazi ikarudi. Akatengeneza mfanyakazi wa uongo, akamwita Mama Majaribio, akampa likizo ya uzazi na mtoto wa kiume mnene. Kisha akamwingiza Mama Majaribio kwenye mfumo, kwa simu.

Ting! Maua matatu ya manjano.

"Amerudishwa kazini!" Mama Utumishi akalia, mkono kifuani, kana kwamba anamjua. "Maskini, na mtoto wake mnene!"

"Kuna mlango wa pili," Nipo akasema, akifumba macho tena. "Ngoja. Ngoja… Wa simu. Anayeingia kwa simu ana mlango wake, uko chini kabisa, niliuandika baadaye." Ni ule ule aliopitia Kasoro akiwa kwenye benchi la hospitali. Hakuna aliyesema hivyo. Kasoro akashuka, akaukuta, akaufunga. Mama Majaribio akaingia tena, kwa kompyuta, kwa simu, mara moja, mara tatu. Akamwandikisha mtoto wake mnene bima. Likizo yake ikabaki wazi, imetulia.

Mama Utumishi akapiga makofi, akajiona yuko peke yake, akaendelea tu.

Kilichobaki kilikuwa ile kanuni ya uzazi mmoja likizo moja. Hiyo Kasoro aliitengenezea njia ya kusema: iliyofungwa kwa makosa ifunguliwe. Mama Utumishi akaandika jina la Nipo. Safari hii mfumo haukumuuliza mtoto mwingine yuko wapi.

"Na zake," Nipo akasema.

"Za nani?"

"Kasoro. Siku zake zilizoliwa."

"Aa, dada, zangu zimeshapita," Kasoro akasema haraka. "Mtoto anakimbia sasa. Juzi kanifungia chooni."

Mama Utumishi akageuka akamtazama. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, akaanza kuandika jina la Kasoro herufi moja moja. "Siku zikiwa zako hazipiti," akasema. "Zitakaa hapa. Siku akianza chekechea, akakung'ang'ania shingoni pale getini, utazitaka."

Kasoro akaitika kwa kichwa, akaenda kusimama dirishani, mgongo kwa kamera. Dakika Mbili akamsogezea glasi ya maji, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue akasema, "Chukua muda wako."

Jioni nyumba ilirudi kwenye vurugu zake za kawaida. Mume wa Nipo aliingia na mikono ya grisi, akaambiwa asiguse mtoto, akamgusa kwa pua. Akauliza mbona mama amekaa juu ya mto juu ya kompyuta, na mama akamwambia ni kazi, yeye hawezi kuelewa mambo ya teknolojia. Wakala. Meneja akanyonya, akaachia, akatazama taa kwa mshangao mkubwa kama vile ndiyo kwanza imevumbuliwa.

Simu ikalia ting! Ulikuwa ujumbe wa mfumo, lakini maneno yalikuwa mapya. Hayakuwa ya Nipo.

"Likizo yako inaendelea. Tulia na mwanao."

Maua yalikuwepo yale yale matatu. Chini yake Kasoro alikuwa ametuma ujumbe wake mwenyewe: "Maua nimeyaacha. Yalikuwa mazuri, kosa halikuwa lao. Kitu kimoja nakuomba, dada. Wakiita, usiitike." Nipo akamrudishia moyo mmoja, maana hakuwa na mkono wa kuandika zaidi. Akajiona mwepesi, kama siku ile alipovua viatu baada ya harusi yake.

Mama mkwe alikuwa anakunja nepi. Mume alikuwa anaosha vyombo kwa kelele, ili isikike kwamba anaosha. Meneja alikuwa ameshika kidole cha mama yake na usingizi ulikuwa unamchukua, kope zinashuka, zinapanda, zinashuka.

Simu ikatetemeka tena pembeni ya mto. Mazoea yana taabu. Hata kwa mtu aliyejuta mchana kutwa. Kwenye kioo kulikuwa na jina la Dakika Mbili, na neno moja.

"Upo?"

Kidole gumba cha Nipo kikainuka chenyewe. Kidole kingine, kile cha kushikwa, hakikutoka. Meneja alikuwa amekikaza.

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza bila kuinua macho.

"Wa kazini, mama."

"Anasemaje?"

Nipo akachukua nepi moja iliyokunjwa, ya juu kabisa, bado ina joto la jua, akaifunika simu. Mwanga ukaonekana kidogo kupitia kitambaa, ukakaa ukisubiri, kisha ukazimika wenyewe.